Mtaro wa kifua unaua

Wiki hii nimeulizwa tena. Mtu anajenga Goba, Dar es Salaam, anachimba mtaro wa bomba la maji taka kutoka nyumbani kwenda kwenye septiki, na vibarua wameshaanza kazi. Nikamwambia apanue juu au aweke mbao pembeni. Akanijibu kwa upole kabisa: "Kaka, mtaro wenyewe unaishia kifuani. Hata ukibomoka, kichwa si kiko nje?"

Maneno haya nimeyasikia kwa mafomeni, kwa wenye nyumba, kwa mainjinia wenye muhuri, na kwa vibarua wenyewe wakiwa wamesimama humo humo ndani. Nimechoka kuyajibu kwa simu, mtu mmoja mmoja.

Tuanze na uzito. Mita moja ya ujazo ya udongo ina tani moja na nusu hadi karibu mbili, inategemea aina yake na maji yaliyomo. Mtaro wa kina cha mita 1.5 ukipata ufa sentimita 80 kutoka ukingoni, na kipande cha urefu wa mita mbili kikakatika kama kabari, kinachoshuka ni kama mita 1.2 za ujazo. Hiyo ni tani mbili. Kwa hesabu ya saiti ni mifuko 40 ya saruji, na inashuka yote kwa pamoja. Upana wa mtaro ni sentimita 60. Hakuna pa kukimbilia.

Sasa kichwa kiko nje. Tukubali hivyo. Pumzi haiingii kwa sababu mdomo uko wazi. Inaingia kwa sababu kifua kimetanuka na tumbo limepata nafasi ya kusogea. Mtu aliyefukiwa hadi mabegani akitoa pumzi, kifua kinanywea kidogo, na udongo uliolegea unateremka kuziba ule mwanya. Akitaka kuvuta tena, mwanya haupo. Anajaribu, anapata kidogo. Akitoa hiyo kidogo, udongo unakaza zaidi. Anaona, anasikia wenzake wakimwita jina, na anakosa hewa uso wake ukiwa juani. Ni suala la dakika chache. Helmeti iko kichwani, rifleksta kaivaa, gambuti anazo miguuni, na hakuna hata kimoja kinachomsaidia hapo.

Kisha kuna jambo ambalo wanaosema "kifuani" hawalifikirii kabisa: hicho kifua wanakipima mtu akiwa amesimama wima. Nani anachimba akiwa amesimama wima? Anayepiga sululu ameinama. Anayepakia chepe ameinama. Anayeunga bomba amepiga magoti, wakati mwingine uso uko kiwiko kimoja tu kutoka kwenye bomba. Mtaro wa mita 1.2 kwa mtu aliyepiga magoti na kuinama unazidi kichwa chake. Kwa hiyo hata ile "kichwa kiko nje" haipo wakati kazi inafanyika. Ipo wakati wa kupiga picha tu.

Jibu la pili huja mara moja baada ya hilo: "Udongo wa huku ni mgumu, mkuu. Tumeuchimba juzi na umesimama mpaka leo." Hapa ndipo ninapokosa uvumilivu, maana kusimama tangu juzi kunachukuliwa kuwa cheti, wakati siku mbili hizo ndizo zilizouchosha.

Udongo ulipokuwa chini ya ardhi ulikuwa umebanwa pande zote. Umechimba, umeuondolea upande mmoja. Tangu saa hiyo unaanza kuelekea kwenye uwazi, polepole, kwa kiasi ambacho jicho halioni. Juu unakauka na kunywea, na ufa unafunguka sambamba na ukingo, mara nyingi kwa umbali wa kama nusu hadi robo tatu ya kina cha mtaro. Ufa huo ndio mstari utakaokatika. Ukiwa mwembamba, watu hutupia juu yake udongo uliochimbwa na kuufunika kabisa, kisha wanaapa kwamba ukingo hauna tatizo. Mimi nikifika saiti, kabla sijaangalia ndani ya mtaro, nasogeza kwa mguu ule udongo uliorundikwa kando na kuangalia chini yake. Nikikuta mstari ambao naweza kuingiza ncha ya msumari, watu wanatoka ndani kwanza, mazungumzo baadaye.

Mchanga wa ukanda wa pwani una hila yake. Ukiwa na unyevu kiasi, maji yaliyo kati ya chembe huzishika pamoja, na ukuta unasimama wima vizuri sana. Jua la saa sita likiukausha, mshiko huo unapotea. Mvua ikiushibisha, unapotea vilevile. Kwa hiyo ukuta wa saa mbili asubuhi na ukuta wa saa nane mchana ni vitu viwili tofauti, ingawa hakuna aliyeugusa. Udongo mweusi wa mbuga nao, ule wa kupasuka kiangazi, unakuja na nyufa zake tayari. Na moramu ngumu (udongo wa changarawe) ambayo sululu inadunda huvunjika kwa mapande makubwa. Ule ugumu ambao fundi anausifia unamaanisha kwamba hautatoa onyo la kuchuruzika. Utakatika tu.

Nikitaja mvua watu wananielewa haraka, hivyo sikai hapo. Baada ya mvua, masika au vuli, hakuna anayeshuka mpaka mtu anayejua amekagua. Maji yakianza kuvuja chini ya ukuta, au ukuta ukivimba tumbo, toka.

Kuhusu vipimo, niseme ukweli ambao mafunzo mengi huupita juu juu. Kanuni za Marekani zinadai kinga ya mtaro kuanzia futi 5, yaani mita 1.5, isipokuwa kama ni mwamba imara. Lakini hata chini ya hapo zinataka mtu mwenye ujuzi akague na aridhike kwamba hakuna dalili ya kuporomoka. Uingereza kwa miaka mingi watu walishika mita 1.2, na leo mwongozo wao ni kwamba hata mtaro mfupi upimwe hatari yake. Mimi saiti nashika 1.2. Ukinibana nikuthibitishie kwa hesabu kwa nini 1.2 na si 1.1, siwezi. Ni mstari wa kiutawala, umewekwa ili watu waache kubishana. Na nina wasiwasi kwamba mstari huo umechangia imani yenyewe ninayoipinga hapa: mtu akisikia "kuanzia mita 1.2", anaelewa kwamba 1.1 ni salama, na vibarua wanachimba 1.1 kwa amani, wakirundika udongo ukingoni mpaka ukuta unakuwa na kimo cha mita mbili.

Tiba zenyewe zinajulikana. Rudisha ukingo nyuma kwa mteremko, au chimba kuta zishuke kwa vidaraja, au egemeza kuta kwa mbao na vibanio (miti ya kukingama inayosukuma mbao za pande mbili). Rundo la udongo likae mbali na ukingo, kwa uchache sentimita 60. Mimi nadai mita nzima. Kijiko (mashine ya kuchimba) na lori visisogee karibu na ukingo. Weka ngazi ya kutokea inayozidi ukingo kwa kama mita moja, karibu na watu walipo.

Tatizo la mteremko ni kiwanja. Kwenye mchanga, kipimo cha Wamarekani ni kurudi nyuma mita 1.5 kwa kila mita moja ya kina. Mtaro wa mita 1.5 wenye sakafu ya sentimita 60 unakuwa na mdomo wa zaidi ya mita tano. Nani ana mita tano kati ya nyumba yake na ukuta wa jirani? Na ukuta huo wa jirani nao ni mzigo unaosukuma mtaro wako, na msingi wake unaweza kuwa unategemea udongo unaouondoa. Hapo mteremko haupo, ni mbao tu.

Mbao nazo zina shida yake. Anayeziweka lazima awe karibu na ukuta ambao bado haujaegemezwa. Njia sahihi ni kuteremsha fremu kutoka juu, au kuanza na kibanio cha juu huku umesimama nje, kisha kushuka ndani ya sehemu iliyokwisha kukingwa tu. Kutoa ni kinyume chake, kuanzia chini, huku ukijaza. Kwa mitaro mifupi ya majumbani huwa tunatumia mabanzi na mirunda (miti ya kuegemezea), na kusema kweli unene wa mirunda hiyo tunauchagua kwa mazoea. Hakuna aliyenikokotolea. Naamini ni bora kuliko kutokuwa nayo, ila sitamwambia mtu kwamba ni sawa na fremu ya chuma iliyosanifiwa. Zaidi ya mita mbili sitaki mazoea, nataka mchoro wa mhandisi.

Kuna njia moja inayosahaulika kwa sababu ni rahisi mno. Mabomba ya plastiki unaweza kuyaunga juu, ukayateremsha yakiwa yameshikana. Kijiko kikichimba na bomba likaungwa nje, muda wa mtu kukaa chini unapungua sana, na pengine hashuki kabisa. Mtaro usio na mtu ukibomoka, umepoteza nusu siku ya kazi.

Ukibomoka na mtu yumo, piga 114, Zimamoto na Uokoaji. Zima mashine. Usichimbue kwa kijiko, kitamkata. Usimvute kwa kamba, udongo una nguvu kuliko maungio yake. Fukua kwa mikono uso na kifua kwanza, na wanaofukua wawe upande ambao umekingwa, kwa sababu ukuta ukishashuka mara moja kilichobaki juu kinaning'inia. Aliyebanwa miguu kwa muda mrefu anaweza kuzungumza nawe vizuri, kisha akaanguka mara tu anapotolewa, kwa sumu inayorudi mwilini kutoka kwenye misuli iliyopondwa. Daktari awepo kabla hujamtoa, sio baada. Nafundisha pia kwamba asiruke mtu ndani bila kinga, na nitaendelea kufundisha hivyo. Lakini nikiwaangalia vibarua waliokuja pamoja kutoka kijiji kimoja, mtu na mdogo wake, sidhani kama kuna kikao cha asubuhi kitakachomzuia mmoja asiruke. Ndiyo maana nguvu zangu zote ziko kabla ya hapo.

Na kabla ya hapo ni bei. Ajali ikitokea, taarifa huandikwa "uzembe wa mfanyakazi", na karatasi inafungwa. Sheria ya Tanzania ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 imempa mwajiri wajibu, lakini kwenye mtaro wa nyumba ya mtu mwajiri mwenyewe hajui kama ni mwajiri. Amepatana na vibarua kwa mita ya urefu. Ukimlipa mtu kwa urefu, atachimba kwembamba na wima, kwa sababu kila chepe ya kupanua ni jasho lisilolipwa. Kusogeza rundo mita nzima ni kuubeba udongo mara mbili, nako hakulipwi. Halafu tunashangaa wamechimba walivyochimba.

Kwa hiyo yule wa Goba nimemwambia asimamishe, akae upya na vibarua wake, na apatane nao kwa ujazo wa udongo unaotoka, ukiwemo wa kupanua na wa kusogeza. Mbao na mirunda azinunue yeye, zibaki zake. Atazitumia tena kwenye jamvi (zege la sakafu) na lenta. Bomba liungwe juu. Na siku mvua itakaponyesha, walipwe nusu ya kutwa wakiwa nje ya mtaro, la sivyo watashuka.