Je, wajua? Kubadili mlango kunalipa, kubadili sanduku hakulipi

Milango mitatu imefungwa. Nyuma ya mmoja kuna gari, nyuma ya miwili kuna mbuzi. Unachagua mlango wa 1. Mtangazaji, ambaye anajua gari lilipo, anafungua wa 3: mbuzi. Kisha anakuuliza, unabaki na wako au unahamia wa 2?

Fumbo hili limepewa jina la Monty Hall, mtangazaji wa Let's Make a Deal, mchezo wa runinga ulioanza Marekani mwaka 1963. Mimi nilijibu haraka: milango imebaki miwili, basi ni nusu kwa nusu. Nilikosea, ila sikuwa peke yangu. Marilyn vos Savant, mwandishi wa safu wa Marekani, alipoandika kwenye jarida la Parade mwaka 1990 kwamba uhame, alimiminiwa barua takriban 10,000, nyingi za kumpinga, nyingine zikitoka kwa watu wenye shahada za uzamivu. Yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Anayehama hushinda mara 2 katika kila 3.

Twende sokoni Mwanjelwa. Mama muuza parachichi ana sado tatu zilizofunikwa, na chini ya parachichi za moja ameficha noti ya 10,000. Unagusa moja. Bahati yako ni 1 kwa 3. Zile mbili zilizobaki upande wake zina 2 kwa 3 kwa pamoja. Sasa mama anafunua moja ya kwake, haina kitu. Je, amekuambia lolote kuhusu sado yako? Hapana, kwa sababu kati ya mbili zake hakosi kamwe moja tupu ya kukuonyesha. Lakini kuhusu upande wake amekuambia jambo kubwa: "Kama noti ipo kwangu, ipo kwenye hii iliyobaki." Ile 2 kwa 3 yote imehamia kwenye sado moja.

Nilipolielewa hilo nikawa msumbufu. Nikalipeleka hadi kwenye Deal or No Deal, mchezo uliotoka Uholanzi, ambako una masanduku 26 na zawadi ya juu ya yuro milioni 5. Uingereza waliufanya wa masanduku 22 na pauni 250,000. Italia wakaweka 20, kila moja likibeba jina la mkoa wao. (Huku kwetu sijui nani angekubali sanduku la Mbeya lifunguliwe kabla ya la Iringa.) Mchezaji hushika sanduku moja lililofungwa, kisha hufungua mengine kwa kubahatisha. Yakibaki mawili, kuna nyakati huruhusiwa kubadilishana. Nikamwambia shemeji yangu, mtu wa Tukuyu, kwa sauti ya mwalimu: abadilishe!

Nikawa nimekosea mara ya pili. Chukua michezo 26. Kwa wastani, mmoja unakuwa na sanduku la milioni 5 mkononi tangu mwanzo. Mwingine, milioni inakutwa kwenye lile sanduku jingine la mwisho. Ile 24 iliyobaki haifiki mwisho na milioni: mchezaji ameifungua mwenyewe njiani, kwa kubahatisha. Kwa hiyo ukifika mwisho nayo ikiwa hai, ni mmoja dhidi ya mmoja, nusu kwa nusu. Angekuwa anafungua mtu anayejua na kuikwepa, ile 24 isingepotea. Yote ingeangukia sanduku jingine, na kuhama kungeshinda mara 25 katika 26.

Ni kama upepo wa Mwanjelwa kupeperusha kifuniko cha sado moja ya mama na ikaonekana tupu. Sado ni zilezile, utupu ni uleule, lakini upepo haujui noti ilipo. Hapo kuhama hakukuongezei chochote.

Hata ile 2 kwa 3 ina sharti lake: mtangazaji lazima afungue mlango kila mara. Monty Hall mwenyewe alimwonyesha mwandishi wa New York Times mwaka 1991 kwamba kama angekuwa huru kufungua pale tu ulipochagua gari, basi kila anayehama angeondoka na mbuzi.

Shemeji alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akauliza yule mbuzi wa mlango wa 3 huwa anachukuliwa na nani.