Mswaki wa mtoto mdogo ni kazi ya mtu mzima

Inapokaribia Machi 20, Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, kliniki zetu hujaa. Tarehe hiyo ilichaguliwa kwa hesabu: mtoto awe na meno 20 ya utoto, mtu mzima 32, na matundu 0. Wazazi wanaokuja kipindi hiki huja na nia njema, na wengi huja na maelezo yale yale: "Daktari, nimejaribu, lakini hataki mswaki." Tunaomba maelezo hayo yapumzike mwaka huu. Mtoto wa miaka miwili hataki pia kuoshwa masikio wala kuvalishwa nguo, na bado hatujaletewa hata mmoja akiwa uchi kwa sababu hiyo.

Msimamo wa idara yetu ya meno ni huu: mpaka afike miaka 7 au 8, mtoto hajisafishi meno, anasafishwa. Kabla ya umri huo mkono wake hauna ustadi wa kufikisha mswaki nyuma ya gego la mwisho na kuutuliza pale. Akiachiwa peke yake hutafuna brashi, hunyonya dawa ya meno na kulowesha nguo. Aachiwe afanye hivyo, ni mazoezi mazuri. Kisha mtu mzima achukue mswaki aanze upya kana kwamba hakuna kilichofanyika, maana kwa kweli hakuna kilichofanyika.

Kuna wanaotujibu kwamba meno ya utoto yatang'oka tu, ya nini kuhangaika. Gego la utoto linaloota mtoto akiwa na miaka miwili na kitu hukaa kinywani hadi miaka 10, wakati mwingine 12. Tabaka lake la nje ni jembamba kuliko la jino la kudumu, hivyo tundu likianza hufika kwenye mshipa wa fahamu upesi. Usaha unaokaa chini yake unaweza kuharibu jino la kudumu linalojijenga humo humo ndani ya ufizi. Likilazimika kung'olewa mapema, majirani zake husogea na kuziba nafasi, na jino la kudumu huja kuota upande. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilikadiria watoto milioni 514 wenye meno ya utoto yaliyooza. Hao wote wana meno ambayo "yatang'oka tu".

Sasa jinsi ya kufanya. Kosa tunaloliona zaidi ni mkao. Mzazi anasimama uso kwa uso na mtoto, haoni chochote ndani ya kinywa, anasugua kwa kubahatisha. Kaa chini au kitandani, mlaze mtoto kichwa kikiwa mapajani pako, umtazame kwa juu. Mkiwa watu wazima wawili, kaeni mkitazamana magoti yakigusana, mmoja ashike mikono na kuzungumza naye, mwingine asafishe. Mtoto mkubwa kidogo asimame akikupa mgongo, kichwa kiegemee kifua chako. Katika mikao yote hii mkono mmoja unabaki huru kuinua mdomo.

Kuinua mdomo ndiko kunakosahaulika. Katikati ya mdomo wa juu kuna kiuzi cha nyama kinachouunganisha na ufizi, na kwa watoto wengi kiko chini sana. Mswaki ukikigonga kinauma kweli, na mtoto aliyegongwa mara mbili atafunga kinywa siku ya tatu. Weka kidole juu ya kiuzi hicho kabla ya kusugua meno ya mbele. Wapo watoto walioitwa wakaidi kwa miezi kumbe shida ilikuwa hapo tu.

Muda nao una sababu yake. Usiku mate hupungua, na mate ndiyo yanayoosha tindikali inayotengenezwa na bakteria wakila sukari. Kwa hiyo mswaki wa usiku ndio usiokosekana, na baada yake ni maji matupu. Chupa ya maziwa au juisi haiingii kitandani. Lakini wa usiku haimaanishi wa dakika ya mwisho. Mtoto anayesinzia hashirikiani na mtu yeyote, na wazazi wanaosubiri mpaka hapo ndio wanaotuletea hadithi za vita. Akimaliza kula chakula cha jioni, asafishwe akiwa bado mchangamfu. Mara ya pili ni wakati wowote mwingine wa siku unaowafaa, ingawa asubuhi ndiyo rahisi kukumbuka.

Lengo ni dakika mbili. Kwa mwenye mwaka mmoja na meno manane, sekunde chache zenye utaratibu zinatosha kuanzia. Mpe mswaki wa pili aushike, mhesabie meno kwa sauti, mwache achague upande wa kuanza. Usimpe peremende kama zawadi; tunalazimika kulisema kwa sababu tunaliona. Na tafadhali, tafadhali, asitishwe kwamba asiposafishwa "daktari atakudunga sindano". Mtoto huyo akiletwa kwetu anakataa hata kukaa kwenye kiti, na aliyemtisha ndiye anayetuuliza mbona tunachelewa.

Kulia peke yake si dalili ya kuumia. Hata hivyo idara haishauri nguvu: kushika kichwa kwa upole ni jambo moja, kumkandamiza ni jingine, na anayehisi ameanza kukasirika aweke mswaki chini arudi baada ya muda mfupi. Wapo watoto, wakiwemo wengi wenye usonji, ambao povu, harufu au mguso wa brashi huwasumbua kupita kiasi. Kwao anza na brashi laini yenye maji tu, jino moja au mawili, na mtuone mapema.

Shida nyingine ni ladha. Dawa za meno za watu wazima huwachoma watoto ulimini, nao husema "inawasha", sisi tunasikia "sitaki". Tafuta isiyo kali au isiyo na ladha kabisa, ila soma lebo: iwe na floraidi, madini yanayokinga meno yasioze, kati ya 1000 na 1500 ppm, yaani sehemu kwa milioni. Tyubu lenye picha za wanyama lisilo na floraidi husafisha pumzi na kufurahisha macho. Dawa ya meno yenye floraidi iliingizwa na Shirika la Afya Duniani kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021, na haikuingizwa kwa ajili ya harufu yake.

Kuhusu uvumi kwamba floraidi ni sumu, jibu liko kwenye kipimo. Chini ya miaka 3, paka kiasi cha punje ya mchele. Miaka 3 hadi 6, kiasi cha punje ya njegere. Dawa ya 1000 ppm ina miligramu 1 ya floraidi kwa kila gramu, na punje ya mchele ni kama sehemu ya kumi ya gramu. Kiwango kinachohitaji matibabu ya haraka ni miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mtoto wa kilo 10 angelazimika kula gramu 50 za dawa hiyo. Jambo hilo linawezekana, ndiyo maana tyubu hukaa mahali asipofikia. Akila nyingi, mpe maziwa na umpeleke kituo cha afya pamoja na tyubu lenyewe. Kumeza kiasi kilichozidi kidogo kila siku kwa miaka kunaweza kuacha madoa meupe kwenye meno ya kudumu, na hicho ndicho kisa cha kupima. Akimaliza ateme, asisukutue kwa maji.

Yapo malalamiko yanayoongezeka ambayo ni lazima tuyajibu. La kwanza: "Mmemwachia mtoto jino jeusi." Hiyo ni dawa ya floraidi yenye madini ya fedha, ambayo hupakwa kwenye tundu bila kuchimba na bila sindano ili kuzuia uozo usiendelee. Sehemu iliyooza hugeuka nyeusi na haitarudi rangi yake. Hatuipaki kabla mzazi hajaonyeshwa picha na kutia sahihi kwenye fomu ya ridhaa, nakala mbili, moja yake na moja ya jalada. Anayetia sahihi bila kutazama picha hana hoja baadaye.

La pili ni kurudishwa nyumbani. Dada, jirani au msaidizi wa nyumbani anaweza kumleta mtoto kwa uchunguzi. Hawezi kuridhia jino ling'olewe. Ridhaa ni ya mzazi au mlezi wa kisheria aliyepo mwenyewe, akiwa na kitambulisho chake na kadi ya kliniki ya mtoto. Barua na simu hazipokelewi. Kwa mtoto aliyepangiwa nusu kaputi, mwisho wa chakula chochote na maziwa ya kopo ni muda wa saa 6 kabla ya kulazwa usingizi, maziwa ya mama muda wa saa 4 kabla, maji matupu muda wa saa 2 kabla. Nusu biskuti ni chakula. Aliyekula anaahirishwa siku hiyo hiyo na jina lake linarudi mwisho wa foleni, bila majadiliano, kwa sababu matapishi yakiingia kwenye mapafu mtoto anaweza kufa. Asiyefika mara mbili bila taarifa huandikiwa barua. Mtoto mwenye maumivu au uvimbe ambaye haletwi hata baada ya barua, tunawajibika kuwataarifu ustawi wa jamii. Hatua hiyo si ya kumkomoa mtu, na mara nyingi huishia kwenye mazungumzo, lakini huchukuliwa.

Akikaribia miaka 6, chungulia nyuma ya gego la mwisho la utoto, juu na chini. Hapo huota gego la kwanza la kudumu bila jino lolote kung'oka, na wazazi wengi hulidhani la utoto. Mswaki wenu lazima uanze kufika huko, ikibidi kwa kuuingiza kutoka ubavuni, maana likiwa bado linachomoza liko chini ya mstari wa mengine na brashi hulipita juu kwa juu.

Kwa uchunguzi wa kwanza, mtoto aletwe jino la kwanza linapoota au kabla hajatimiza mwaka mmoja. Njooni na mswaki anaoutumia nyumbani. Tutamwomba mzazi amsafishe mbele yetu.