R iliyomo katika neno "cowrie"

Konokono wa baharini mwenye gamba laini linalong'aa, lenye mwanya wa meno upande wa chini, Waingereza humwita "cowrie". Jina hilo liliingia katika lugha yao katika karne ya 17, wakati wafanyabiashara wao walipolikuta gamba hilo likitumika kama fedha katika masoko ya Bengal, mashariki mwa Bara Hindi. Hawakulipokea kutoka kwa Wareno, ingawa hao ndio waliowatangulia India kwa njia ya bahari, kwa kuwa Wareno waliliita gamba hilo "búzio". Wala hawakulipata kwa Waarabu, ambao hulijua kwa jina la "wada". Walilitoa vinywani mwa Wahindi wenyewe, na ushahidi ninaouthamini zaidi umo katika konsonanti ya katikati.

Mzizi ni neno "kaparda" la Kisanskriti, lugha ya kale ya India. Katika lugha za Kiprakriti, zilizosemwa na watu wa kawaida, sauti p iliyokuwa kati ya irabu ililegea ikawa v, na mfuatano wa rd ukageuka kuwa d inayotamkwa kwa kukunja ncha ya ulimi kuelekea kaakaa. Kimarathi kinasema "kavadi", karibu kabisa na hatua hiyo. Kihindi kilisonga mbele hadi "kauri": v ikawa u, na ile d, kwa kukaa kati ya irabu, ikawa kipigo kimoja chepesi cha ulimi, ambacho sikio la Mwingereza lilikichukua kuwa r. Kwa hiyo, anayedhani kwamba r ya "cowrie" ni ile r ya "kaparda" anadanganywa na maandishi: ile ya kale ilikwisha kumezwa karne nyingi kabla Mwingereza hajafika.

"Kaparda" lilikuwa pia jina la nywele zilizosukwa na kuviringwa mfano wa gamba hilo, na ndiyo sababu mungu Rudra anaitwa Kapardin, yaani mwenye kaparda, katika Rigveda, mkusanyiko wa kale wa nyimbo takatifu za India. Mti wa kauri wa New Zealand, ijapokuwa jina linafanana, haumo katika ukoo huu. Jina lake ni la Kimaori, lugha ya wenyeji wa huko.

Waitaliano walikuwa na jina lao, "porcellana", lililotokana na neno la nguruwe jike mchanga, na kitabu cha Marco Polo kinalitumia kwa gamba hili na kwa vyombo vya Kichina vinavyong'aa vilevile. Kifaransa bado kina neno moja kwa vyote viwili, sawa na Kiswahili chetu, ambacho kauri yake, yenye asili ya India, hutaja gamba na sahani pia.