Usiniambie gari halijatembea

Jumatatu asubuhi, kabla sijafungua hata sanduku la spana, simu iliita. "Shikamoo fundi. Nimepata Ford Mustang ya 1965, ile ya paa la kukunja, iko huku Capri Point. Mwenyewe aliifungia miaka 12. Haijatembea kabisa, iko kama mpya."

Marahaba, mwanangu. Nilimsikiliza mpaka mwisho kwa sababu ana adabu na furaha yake ni ya kweli. Lakini hii ni mara ya nne mwaka huu mtu ananitajia neno "haijatembea" kana kwamba ni cheti cha daktari, na nimechoka kulieleza kwenye simu moja moja. Leo naliandika.

Kukaa kunaua gari. Linalotembea kila wiki, oili inapanda mpaka juu, sili, ile mipira ya kuzuia kuvuja, zinalowana, petroli ya zamani inaondoka na mpya inaingia, na injini inapata moto wa kukausha unyevu wa usiku. Lililofungiwa linakosa yote hayo. Sili zinakakamaa na kupasuka. Petroli inageuka gundi ya kahawia ndani ya kabureta, na tangi linaanza kutu kwa ndani. Ringi za pistoni zinaweza kushikana na silinda. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya maji kutoka hewani, na maji hayo yanakaa ndani ya wili silinda, ile silinda ndogo ya breki kwenye kila gurudumu, yakiila polepole mahali ambapo jicho halifiki. Panya nao wanamalizia waya.

Halafu hizo maili. Kijana anasema dashibodi inasoma 23,400, yaani kama kilomita 37,700. Mustang ya mwaka huo ina tarakimu tano tu za maili nzima. Ikifika 99,999 inarudi sifuri na kuanza upya. Kwa hiyo 23,400 inaweza kuwa kweli, na inaweza kuwa 123,400. Angalia pedali ya breki: mpira umelika upande gani? Angalia siti ya dereva, na ule ukingo wa mlango anapoegemeza mkono. Vitu hivyo havirudi sifuri.

Sasa nije kwenye kutu, maana hapa ndipo ninapogombana na watu. Wanasema, "Fundi, hapa Mwanza si Tanga, ziwa letu halina chumvi, gari halioti kutu." Ni kweli kwamba Ziwa Victoria ni maji yasiyo na chumvi, na ni kweli chumvi inaharakisha kutu. Lakini kutu inahitaji maji na hewa tu, na vyote tunavyo vya kutosha. Gari la Capri Point lilifunikwa turubai la plastiki chini ya mwembe, juu ya udongo. Kila usiku unyevu unapanda kutoka ardhini, unagonga turubai, unageuka matone, unarudi kwenye gari. Masika na vuli, mara 12. Kulifunika hivyo ni kulichemsha kwa mvuke. Afadhali lingeachwa wazi chini ya paa la bati, kwenye sakafu ya saruji, upepo upite.

Na kutu kwenye gari la paa la kukunja si sawa na kutu kwenye gari jingine. Naomba tukae hapa kidogo.

Mustang haina chasi ya kujitegemea kama lori. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Gari la kawaida linasaidiwa na paa la chuma kushika mbele na nyuma visipindane. Ukilitoa paa hilo, kazi yote inashuka chini: kwenye sakafu na kwenye vizingiti viwili vinavyopita chini ya milango. Ford walilijua hilo, ndiyo maana ndani ya vizingiti vya Mustang ya paa la kukunja waliongeza chuma kizito ambacho ile ya paa la kudumu haina. Vizingiti hivyo vikioza, gari linavunjika mgongo taratibu. Katikati panazama, ncha mbili zinainuka.

Utajuaje? Milango itakwambia. Gari likiwa limesimama kwenye tairi zake, mahali pa usawa, kunja paa, funga milango yote miwili, kisha chuchumaa uangalie ile nafasi kati ya ukingo wa nyuma wa mlango na bodi. Iwe na upana ule ule toka juu mpaka chini. Ikiwa juu imebana na chini imeachama, mgongo umeanza kushuka. Fungua mlango, ufunge tena bila kuubamiza. Kisha weka jeki chini ya fremu nyuma kidogo ya tairi la mbele, inua mpaka tairi liache ardhi, ujaribu mlango ule ule. Gari lenye vizingiti vizima mlango utafunga kama kawaida. Lililooza litakataa, au ile nafasi itabadilika mbele ya macho yako. Dakika kumi, jeki moja. Fanya hivyo kabla hujaulizia bei.

Kinachoniudhi kuliko kutu yenyewe ni tiba yake. Miaka michache iliyopita nililetewa gari ambalo gereji moja walikuwa "wamelimaliza." Walichukua bati, wakalichomelea juu ya kizingiti kilichooza, gari likiwa limeshazama. Maana yake wameukaza ule mgongo ukiwa umepinda, daima. Milango walilazimisha ifunge kwa kusogeza bawaba. Kwa macho lilipendeza sana. Mimi ilibidi nikate kila kitu. Kazi hiyo hufanywa kwa kuegemeza bodi kwanza, kuinyanyua mpaka milango ikae sawa, kuchomelea vyuma vya kushikilia katikati ya uwazi wa mlango, ndipo unakata kuoza na kuweka chuma kipya cha unene wa asili. Ni wiki nyingi za kazi. Mwenye gari alilipa mara mbili, na mara ya kwanza ndiyo iliyomfilisi.

Sehemu nyingine ni lile sanduku chini ya waipa, mbele ya kioo. Mvua inaingia kwenye matundu yake na inatakiwa itokee pembeni. Likioza ndani, maji yanadondokea miguuni mwa dereva na abiria, na sakafu inafuata. Huwezi kuliona bila kukata. Kwa hiyo mimina maji taratibu kwenye matundu hayo, mtu mwingine alale chini ya dashibodi na tochi. Ukiona tone, pandisha bei ya matengenezo kichwani mwako. Inua zulia pia. Fungua buti: sakafu yake ni mgongo wa tangi la mafuta lenyewe, kwa hiyo kutu pale si suala la urembo.

Rangi mpya hainifurahishi hata kidogo. Chukua sumaku ndogo, ifunge kwa kitambaa laini, pitisha pembe za chini za mlango na nyuma ya matairi. Ikikosa kushika, umegusa puti, ile lipu ya kuziba mashimo ya bodi. Mimi ningechagua rangi ya asili iliyofifia na yenye michubuko kuliko inayong'aa iliyopigwa mwezi uliopita, kwa sababu iliyofifia haina cha kuficha.

Soma pia namba ya gari. Ya 1965 inaanza na 5, ikifuatiwa na herufi ya kiwanda: F ni Dearborn, R ni San Jose, T ni Metuchen. Kisha tarakimu mbili za bodi. 08 ndiyo ya paa la kukunja. 07 ni ya paa la kudumu, na 09 ni ile ya paa linaloteremka mpaka nyuma. Ukikuta gari lisilo na paa lenye namba 07, mtu amelikata kwa msumeno, na vile vyuma vizito vya vizingiti havimo. Ondoka hapo, hata kama mwenye gari ni mjomba wako.

Breki kwa haraka. Mustang ya mwaka huo ina masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali, ya njia moja kwa magurudumu yote manne, mgawanyo wa njia mbili ulikuja na ya 1967. Mpira mmoja wa kupitishia mafuta ya breki ukipasuka, pedali inakwenda sakafuni na huna breki hata moja. Fikiria hilo ukiwa unateremka kilima cha Bugando. Mipira ya zamani pia huvimba ndani ikapitisha mafuta kwenda na kuyazuia kurudi, gari likabaki limeshikwa breki. Badilisha mipira yote na fungua wili silinda zote kabla ya safari ya kwanza. Tairi nazo: soma tarakimu nne za mwisho kwenye namba ya DOT iliyochapwa ubavuni. 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Ukikuta tatu tu, zimetengenezwa kabla ya 2000. Kashata zake ziwe ndefu namna gani, tupa.

Usiliwashe siku hiyo. Najua mkono unawasha. Toa plagi, dondosha oili kidogo kila silinda, iache usiku kucha, kisha zungusha injini kwa mkono kwa spana kwenye puli ya mbele. Ikizunguka laini, ndipo tuzungumze kuhusu betri na petroli safi.

Kuna mambo mawili ambayo vitabu vinayasema kwa uhakika kuliko mimi. La kwanza ni gia boksi ya otomatiki iliyokaa muda mrefu. Nimeshabadilisha oili yote kwa mpigo mmoja, gia ikafanya kazi vizuri. Nimefanya hivyo hivyo kwa nyingine, ikaanza kuteleza ndani ya wiki. Siku hizi nabadilisha kidogo kidogo, ila sitabishana na fundi anayefanya tofauti. La pili ni petroli isiyo na madini ya risasi. Injini hizi zilitengenezwa kwa petroli yenye risasi, iliyolinda viti vya valvu, pale valvu zinapokalia zikifunga. Kwa anayeendesha Jumapili kutoka Kirumba mpaka Nyegezi na kurudi, sijaona haja ya kufungua kichwa cha injini kizima kubadilisha viti. Anayetaka kwenda nayo Dodoma kwa kasi, moyo wangu hautulii.

Na tafadhali, bolti za gari hili ni za inchi. Kichwa cha nusu inchi ni milimita 12.7. Spana ya 13 inaingia, inacheza, inakiviringisha. Ukifungua boneti ukakuta vichwa vya bolti vimekuwa duara, umeshajua mikono iliyopita humo, na umeshajua na kazi usiyoiona ilifanywaje.

Spea zisikutishe. Za Mustang bado zinatengenezwa Marekani mpaka leo, kuanzia vizingiti hadi mipira ya madirisha, ndiyo maana kwa anayeanza namshauri hii kuliko Oldsmobile au Buick ambayo kipande kimoja cha urembo kinaweza kukutafutisha mwaka mzima.

Nilimpigia kijana jioni nikamweleza habari ya milango. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Fundi, ule wa kushoto unafungwa mpaka uunyanyue." Nikamwambia asitoe hata shilingi ya kishika uchumba. Jumamosi saa tatu tunakwenda wote, naleta jeki na tochi, yeye alete ndoo ya maji.