Brunfelsia ipogolewe mara maua yanapokwisha

Baridi ya Juni hadi Agosti inapopungua, brunfelsia huchanua katika bustani za Nairobi na kwingineko kwenye nyanda za juu. Ua hufunguka likiwa la zambarau iliyokolea, kesho yake hupauka, kisha huwa jeupe. Ndiyo maana kichaka kimoja huonekana kina maua ya rangi tatu kwa pamoja, na wauza miche hukiita "jana, leo na kesho".

Kichaka chenye majani mazuri lakini kisichotoa maua mara nyingi kimeharibiwa na mkasi. Mmea huu hufunga vitumba wakati wa baridi, na ubaridi wa usiku ndio unaouchochea. Anayepogoa Julai ili uwanja upendeze anakata maua ya msimu mzima. Subirini maua yapukutike, kisha pogoeni bila kuchelewa, ili machipukizi mapya yapate miezi ya kutosha kukomaa. Toeni matawi makavu na yanayosongamana, na fupisheni marefu kidogo tu, kwa sababu brunfelsia hukua polepole. Mbolea yenye naitrojeni nyingi nayo huleta majani badala ya maua. Mboji iliyoiva na matandazo vinatosha.

Udongo unaofaa ni wenye tindikali kidogo na usiotuamisha maji. Majani yakiwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani, mizizi inashindwa kufyonza madini ya chuma, kwa kawaida kwa sababu ya chokaa. Hutokea sana pale mche ulipopandwa kando ya ukuta mpya, juu ya mabaki ya saruji. Uhamisheni, au ondoeni kifusi na kujaza udongo wa msituni uliochanganywa na mboji. Jua la asubuhi na kivuli cha alasiri huufaa zaidi. Kwa wakazi wa Pwani, penye udongo wa matumbawe na usiku wa joto, ningeshauri bogonvilia.

Jambo moja tunalisisitiza kwa kila mwenye watoto au mbwa: sehemu zote za brunfelsia zina sumu, hasa matunda na mbegu. Mbwa aliyeila hutapika, hutetemeka na kupata degedege. Okoteni matunda yanayodondoka, na mbwa akionekana ametafuna kichaka hiki, mpelekeni kwa daktari wa mifugo papo hapo, hata kama bado anacheza, mkiwa na tawi la mmea ili daktari autambue.