Clobetasol si mbolea ya nywele

Ukiingia duka la dawa pale Mwanga, Kigoma, ukaonyesha kipara cha duara kichwani, si ajabu utoke na tyubu ya clobetasol kabla hujaulizwa kimeanza lini.

Utaambiwa, "Inaotesha nywele." Haioteshi. Ni steroidi, kazi yake ni kutuliza kinga ya mwili. Katika alopesia areata, kinga hugeuka ikashambulia mashina ya nywele, zikadondoka na kuacha duara laini lisilo na magamba. Hapo dawa inasaidia: shina halijafa, likitulia linasukuma nywele lenyewe. Wengi wenye viraka vichache huota nywele tena hata bila dawa ndani ya mwaka. Upara wa kurithi hausikii steroidi. Nywele za pembeni zilizong'olewa na rasta za kubana zinataka kwanza msuko ulegezwe.

"Mtoto naye apakwe ileile ya mama." Hili ndilo linalonikera. Mwanafunzi mwenye duara la magamba, linalowasha, lenye vinywele vilivyokatika vikabaki kama vidoti vyeusi, huenda ana mapunye, na mapunye ni fangasi. Mpake steroidi uone: siku chache mwasho unapoa, mama anashukuru, kumbe fangasi anazidi kutanuka kwa sababu kinga iliyomzuia imezimwa. Tena krimu, hata ile ya fangasi, haimalizi kazi peke yake, maana mdudu yumo ndani ya unywele. Tiba ni dawa ya kumeza, griseofulvini au tabinafini, wiki kadhaa, kwa kipimo cha uzito wa mtoto. Zile tyubu zenye steroidi, dawa ya fangasi na antibiotiki kwa pamoja hazikwepi tatizo hilo. Kiraka kikivimba na kutoa usaha, mpeleke kituo cha afya upesi. Kovu likishashika, nywele hazirudi.

"Ukipaka nyingi, zinawahi." Clobetasol ya asilimia 0.05 ni kati ya steroidi kali kabisa za kupaka. Pakaa nyembamba, kwenye kiraka tu, kisha nawa mikono. Inayobaki kidoleni isiishie usoni. Ikizidi, ngozi inakonda, vishipa vinajitokeza, vipele vinatoka. Wapo wanaoiogopa kama sumu, nao wamezidisha: kwa muda uliopangwa na daktari, watu wazima wengi huivumilia vizuri. Miezi 3 ikipita kichwa kiko vilevile, usinunue tyubu nyingine. Rudi hospitali, kuna sindano za steroidi zinazochomwa palepale kwenye kiraka, na mwenye kuchoma awe amefundishwa.