Bei ya Karafuu Hupangwaje, na kwa Nini Haifuati Soko Kila Siku

Kila msimu ukifika, wakulima wa Pemba hutuuliza swali lilelile: kama karafuu huko nje imepanda, mbona kwenye kituo cha ununuzi bei haijasogea? Swali ni la haki, na jibu lake halimo kwenye soko peke yake.

Tuanzie jamvini. Kilo tatu za karafuu mbichi, zikishachambuliwa na kuanikwa juani siku nne au tano, hubaki kilo moja hivi. Kufika hapo mwenye shamba ameshamlipa mchumaji aliyepanda juu ya mti, waliochambua, na gari. Kituoni mpokeaji anatia mkono guniani, anasikiliza ukavu, anatafuta makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, anataja daraja. Mnunuzi kisheria ni mmoja: Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, lililoanzishwa mwaka 1968.

Mnunuzi akiwa mmoja, bei yake huweza kuwa kodi, akimlipa mkulima chini sana ya soko, au bima, akimkinga soko likishuka. Miaka ya 1970 ilikuwa kodi, tena nzito. Indonesia ilikuwa ikinunua karafuu kwa wingi kwa ajili ya sigara zake za kreteki, zinazochanganywa tumbaku na karafuu, fedha za kigeni zikaingia, Serikali ikaziendeshea shughuli zake, na mkulima akabakiwa na sehemu ndogo ya bei ya dunia. Hakuandamana. Aliacha magugu yaote, mti mzee ukianguka hakupanda mwingine, na wenye kuthubutu wakapakia magunia usiku kuelekea pwani ya Kenya. Adhabu zilikuwa kali, magendo hayakwisha. Kisha miaka ya 1980 Indonesia ikajitosheleza kwa karafuu yake yenyewe, bei ikaporomoka, nasi tukakutwa na mashamba yaliyochoka na hatuna akiba ya kushikilia.

Mwaka 2011 sera iligeuzwa: mkulima alipwe asilimia 80 ya bei ya kuuzia nje. Miche ikagawiwa bure, na magendo yakapungua. Bei ya daraja la kwanza ilikaa kwenye shilingi 14,000 kwa kilo kwa miaka kadhaa.

Hapa ndipo penye utata, na nadhani hatukuueleza vya kutosha. Asilimia 80 ya bei ya dunia hupanda na kushuka. Bei iliyopangwa, kama ile ya shilingi 14,000, hutulia palepale. Hizo ni ahadi mbili, na kuna miaka haziwezi kutimizwa zote. Soko likishuka, shirika hubeba tofauti. Likipanda, mkulima huona anapunjwa. Bei tulivu ni bima, na bima hulipiwa miaka ya neema. Lakini mtu atakubali vipi kulipia bima ambayo hajui mfukoni mna kiasi gani? Kwa maoni yangu, kila mwisho wa msimu ingetangazwa kiasi karafuu ilichouzwa nje, gharama, na akiba iliyobaki. Manung'uniko mengi yangeisha hapo.

Wengine huuliza kwa nini Zanzibar isishushe thamani ya fedha ili karafuu ilipe zaidi. Haiwezi: shilingi ni ya Muungano, na mambo yake yako Benki Kuu ya Tanzania. Uchumi mdogo usio na sarafu yake huwa na nyenzo chache za kutumia: bei, kodi, ruzuku, na miundombinu. Juu ya hilo, Tanzania Bara, kama Morogoro, karafuu hununuliwa na wafanyabiashara binafsi. Pengo la bei likiwa kubwa, gunia litavuka bahari kuelekea upande unaolipa.

Isitoshe, mkarafuu hauna haraka. Huanza kuzaa ukiwa na miaka sita hadi minane, na mavuno yake hubadilika sana: mwaka huu matawi yanainama, mwakani majani matupu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyoshika uongozi wa zao hili mpaka leo. Bajeti ni ya mwaka mmoja. Anayechimba shimo la mche masika haya anaitazama bei ya leo, ingawa karafuu yake itapimwa kwa bei ya serikali nyingine kabisa.

Kwa msimu huu, kilicho mikononi mwa mkulima ni daraja. Aanike kwenye jamvi au mkeka, si juu ya lami inayoshika mafuta ya magari na vumbi. Na makonyo ayatenge, kwani nayo yana mnunuzi wake, kiwanda cha mafuta ya makonyo.